Kusoma bila Kuelewa: Namna ya Kupima Ufahamu wa Kiingereza katika Shule ya Sekondari

Katika kata ya Ihanja, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, watoto wengi huanza kuzungumza kwa Kinyaturu. Wafikapo darasa la kwanza hukutana na Kiswahili, ambacho pengine wamekwisha kukisikia gulioni na redioni, na hicho ndicho huwa lugha ya masomo yao katika shule ya msingi. Waingiapo kidato cha kwanza, Biolojia, Jiografia, Historia na Hisabati hugeuka ghafula zikawa masomo ya Kiingereza. Kwa mtoto wa namna hiyo Kiingereza si lugha ya pili, kama visemavyo vitabu vingi vya ualimu, bali ni lugha ya tatu. Tena lugha mbili za kwanza ni ndugu: Kinyaturu na Kiswahili zote ni za Kibantu, zote zina ngeli, na ajuaye upatanisho wa moja hana kazi kubwa ya kuuzoea wa nyingine. Kiingereza hakimpi msaada huo.

Na achukuliwe mwalimu wa Biolojia wa kidato cha pili katika shule yoyote ya kata kama hiyo. Amemwita mwanafunzi asome aya moja ya kitabu, naye ameisoma kwa sauti nzuri bila kukwama. Ameulizwa maswali matatu, na yote amejibu. Ameandika muhtasari wa ubaoni, nukta kwa nukta. Wiki tatu baadaye, katika mtihani, swali lilelile likiulizwa kwa maneno mengine, anaandika jambo lisilohusiana nalo hata kidogo. Mwalimu anahitimisha kwamba kijana hana kichwa cha sayansi. Huenda ndivyo. Lakini huenda pia kijana huyo hajapata kamwe kuisoma Biolojia. Ameyasoma maneno yake tu. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine. Mwanafunzi asiyeelewa usanisinuru hurudishwa kwenye usanisinuru. Asiyeelewa sentensi inayoueleza akirudishiwa sentensi ileile mara kumi huzidi kuikariri. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtoto hapana budi kupima, na kupima ufahamu wa kusoma si kazi rahisi kama inavyodhaniwa.

Maswali yajibikayo bila ufahamu

Kipimo kilichozoeleka ni kifungu cha habari kikifuatiwa na maswali. Udhaifu wake waonekana upesi msomaji akijijaribu mwenyewe kwa sentensi hii: “Mkweso wa Ihanja ulifuringa vishoro vitatu karibu na mbuge, kwa kuwa dunzi lilikuwa limetwafuka.”

Sasa na ajibu. Mkweso ulifuringa vishoro vingapi? Vitatu. Ulivifuringia wapi? Karibu na mbuge. Kwa nini? Kwa sababu dunzi lilikuwa limetwafuka. Msomaji amepata tatu kwa tatu, wala hajui kama mkweso ni mnyama, ni mtambo, au ni maradhi ya mifugo. Maneno hayo hayamo katika kamusi yoyote. Yametungwa kwa ajili ya ukurasa huu. Mchezo wenyewe ni wa zamani, kwani Mmarekani Andrew Ingraham alitunga sentensi ya aina hiyo kwa Kiingereza mwaka 1903 ili kuonyesha jambo hilohilo.

Kilichomwezesha msomaji kujibu ni ujuzi wake wa sarufi. Anajua kwamba “vingapi” hudai jibu lenye “vi-”, na kwamba “kwa nini” hudai maneno yafuatayo “kwa kuwa”. Mwanafunzi wa kidato cha pili hufanya vivyo hivyo kwa Kiingereza. Aonapo “why” hutafuta “because” katika kifungu, akanakili yaliyo baada yake hadi kwenye nukta. Huo si udanganyifu. Ni werevu wa mtu aliyewekwa mahali pagumu, na shule yenyewe ndiyo iliyomfundisha, kwa kuwa kila alipofanya hivyo alipewa vema. Swali ambalo lingemkwamisha ni la namna hii: kama dunzi lisingalitwafuka, vishoro vingalikuwa katika hali gani? Hapo sarufi haisaidii tena. Hapana budi kujua dunzi ni nini.

Kusoma kwa sauti nako si kipimo. Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa, hivyo mtoto akishazijua silabi aweza kutamka ukurasa wowote, hata wa sheria za kodi. Mazoea hayo huyachukua hadi kwenye Kiingereza. Wazee wengi waliosoma chuoni wakiwa watoto waliweza kuisoma Kurani yote kwa matamshi safi kabla ya kujua maana ya aya moja, na Wakristo Wakatoliki waliitikia misa kwa Kilatini kwa miaka mingi bila mtu kudhani kwamba wamekuwa wanazuoni wa Kilatini. Katika ibada jambo hilo lina heshima na maana yake. Katika Kemia halina.

Jaribio la mapengo

Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alitoa katika jarida la taaluma ya uandishi wa habari njia mpya ya kupima maandishi, akaiita klozi. Jina hilo alilitoa kwa wanasaikolojia wa Kijerumani wa mkondo wa Gestalt, waliokuwa wamesema kwamba akili ya mwanadamu hupenda kukamilisha kisichokamilika: mtu akionyeshwa duara lenye mwanya, huona duara. Taylor alifuta maneno katika kifungu kwa mpango usiobadilika, mathalani kila neno la tano, bila kujali ni neno gani, kisha akawaomba wasomaji wayarudishe. Hoja yake ilikuwa kwamba anayeyaelewa maneno yaliyobaki ataweza kuyakisia yaliyofutwa, na asiyeelewa hataweza. Yafaa ikumbukwe kwamba hakukusudia kuwapima wasomaji. Alikusudia kuyapima maandishi ya magazeti, ajue yapi ni mepesi na yapi ni mazito. Jambo hili litarejewa mbele, kwa kuwa lina manufaa kwa mwalimu kuliko linavyoonekana.

Katika miaka ya 1960 John Bormuth, naye Mmarekani, alilinganisha alama za mapengo na alama za maswali ya kuchagua jibu kwa vifungu vilevile. Aliona kwamba msomaji apataye asilimia 44 hivi ya mapengo huwa ni yule apataye asilimia 75 ya maswali, na apataye asilimia 57 ya mapengo hupata kama asilimia 90 ya maswali. Kwa hiyo pakawa na desturi ya kusema kwamba chini ya 44 kitabu kinamshinda mwanafunzi. Kati ya 44 na 57 atakiweza akiwa na mwalimu kando yake. Zaidi ya 57 atakisoma peke yake.

Kutoka Marekani njia hii ilienea kwa wafundishao Kiingereza kwa wageni. Nchini China mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, uitwao gaokao, uliorejeshwa mwaka 1977, umekuwa kwa miaka mingi na sehemu ya mapengo katika karatasi ya Kiingereza, ambapo mtahiniwa hupewa maneno ya kuchagua kwa kila pengo. Ipo tofauti moja ambayo mwalimu wa Tanzania hana budi kuiweka moyoni. Mwanafunzi wa Kichina aliyeshindwa mapengo hayo amepoteza alama za Kiingereza. Fizikia yake iko salama, kwa kuwa ameisoma kwa Kichina. Mwanafunzi wa Ihanja aliyeshindwa mapengo hayohayo amepoteza Fizikia, Jiografia na Historia kwa pamoja.

Yaliyopimwa Tanzania

Suala hili lilipimwa mapema. Mwaka 1977 Penina Mlama na May Matteru walifanya uchunguzi kwa niaba ya Baraza la Kiswahili la Taifa, nao wakaeleza jinsi wanafunzi walioulizwa jambo kwa Kiingereza walivyotoa majibu ya kubabaisha au kunyamaza, na jinsi haohao walivyojieleza vema walipoulizwa kwa Kiswahili. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia Januari 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walitoa taarifa ya uchunguzi mkubwa zaidi uliotumia majaribio ya mapengo yaliyopangwa kwa ngazi, kuanzia vifungu vyepesi mno hadi vya vyuo. Walikuta kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetazamia masomo kwa Kiingereza yaanze. Neno la kuzingatia hapo ni “yaanze”. Wanafunzi hao walikuwa wamekwisha kusoma kwa Kiingereza miaka minne. Hata hivyo taarifa hiyo ilipendekeza Kiingereza kibaki, kitiwe nguvu, na mradi wa kukiimarisha ukaanzishwa kwa msaada wa Uingereza mwaka 1987. Mwaka huohuo Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walipima uwezo wa kusoma wa wanafunzi wa sekondari za Dar es Salaam, na kitabu chao cha mwaka 1997 kinaonyesha picha isiyotofautiana sana na ile ya Criper na Dodd. Mjadala juu ya lugha ya kufundishia ungali unaendelea, na haukusudiwi kuamuliwa hapa. Mwalimu aingiaye darasani Jumatatu asubuhi hawezi kuungoja.

Mfano wa kufanyia kazi

Kifungu kifuatacho kinahusu alizeti, zao ambalo hakuna mtoto wa Singida asiyelijua. Sentensi ya kwanza imeachwa nzima. Baada ya hapo kila neno la saba limefutwa.

A sunflower loses water through its leaves. On a hot day the roots (1)____ take up water as fast as (2)____ leaves give it out. If the (3)____ is dry, the roots cannot do (4)____ and the leaves hang down. In (5)____ evening, when the air is cool, (6)____ same leaves may stand up again, (7)____ no rain has fallen.

Maneno yaliyofutwa ni: must, the, soil, this, the, the, although. Pengo la 3 ni jepesi kwa ajuaye kilimo. Akiandika “ground” au “land” hajakosea, na mwalimu mwenye busara atampa alama. Taylor alidai neno lilelile lililofutwa, lakini kwa asiyezaliwa na Kiingereza ni haki zaidi kukubali neno lolote lifaalo kwa maana na kwa sarufi. Ni kweli kwamba njia zote mbili aghalabu huwapanga wanafunzi kwa utaratibu uleule. Ila ya pili humfundisha mwalimu mengi zaidi, kwa sababu humlazimisha kuyasoma makosa badala ya kuyafuta.

Pengo la 4 laonekana dogo. Katika maneno “cannot do this”, neno “this” hubeba habari nzima ya sentensi iliyotangulia: kufyonza maji kwa kasi ya kutosha. Mwanafunzi aandikaye “water” hapo ameona mizizi na maji, akaviunganisha, lakini hajaona kwamba mwandishi anarejea nyuma. Vitabu vya sayansi vimejaa marejeo ya namna hiyo.

Lenye hazina kubwa zaidi ni pengo la 7. Akiandika “but”, ameelewa. Akiandika “and”, sarufi si mbaya, ila mshangao wa mwandishi umempita: kwamba majani yameinuka na mvua haikunyesha. Akiandika “because”, basi yeye ameamini kwamba majani yameinuka kwa sababu ya kukosekana kwa mvua, na tangu hapo Biolojia yake imepinda. Kesho atapewa swali kuhusu kunyauka, atalijibu kwa mujibu wa imani hiyo, na mwalimu atashangaa kijana ameitoa wapi. Ameitoa kwenye neno moja.

Inasikitisha kwamba maneno ya jamii ya “although” hayana mwenyewe shuleni. Mwalimu wa Biolojia hufundisha istilahi za Biolojia, na huziandika kwa chaki ya rangi. Mwalimu wa Kiingereza hufundisha nyakati za vitenzi na uandishi wa barua. Maneno kama unless, whereas, therefore, thus, provided that hayamo katika mpango wa somo la yeyote kati yao, ilhali ndiyo misumari iliyoshikilia ukuta mzima.

Kasoro ya kipimo

Msomaji mwangalifu atakuwa ameona jambo lisilopendeza. Kati ya mapengo saba, matatu yamejazwa na neno “the”. Kiswahili hakina neno la kazi hiyo, wala Kinyaturu si jamaa ya Kiingereza hata kisaidie. Mwanafunzi aliyeelewa kila kitu aweza kuyaacha wazi mapengo hayo matatu. Na mvivu aliyesikia kwamba “the” ndilo neno litokealo mara nyingi kuliko yote katika Kiingereza, akiliandika kila mahali, atapata 3 kwa 7, yaani karibu asilimia 43, akiwa hajasoma hata mstari.

Ufutaji ukianzia neno la pili baada ya sentensi ya kwanza, badala ya la saba, kifungu hichohicho hutoa mapengo manane ya maneno haya: a, up, give, dry, the, when, leaves, rain. Hilo ni jaribio jingine kabisa. Mkulima mwenye Kiingereza kidogo atafanya vizuri zaidi katika hilo la pili, na mwanafunzi hodari wa sarufi atafanya vizuri zaidi katika lile la kwanza. Charles Alderson wa Uingereza alilionyesha jambo hili mwaka 1979 kwa majaribio mengi: kubadili tu mahali pa kuanzia kufuta, au umbali kati ya pengo na pengo, hubadili kinachopimwa. Kwa hiyo haifai kusema “amepata 40 katika klozi” kana kwamba klozi ni mizani ya dukani iliyopigwa mhuri na serikali. Dawa yake ni kifungu kirefu. Mapengo 50 huchanganya maneno ya kila aina, na bahati ya “the” humezwa na wingi.

Hata mapengo 50 yana mipaka yake, na wanafunzi wa Hisabati waweza kuikokotoa. Achukuliwe mwanafunzi ambaye uwezo wake halisi ni kujaza nusu ya mapengo ya kitabu fulani. Kila pengo likifanana na kurusha sarafu, alama yake itatazamiwa kuwa 25, na kiasi cha kuyumba kwake ni kipeuo cha pili cha 50 × 0.5 × 0.5, yaani kama 3.5. Kwa kawaida alama hazipotei zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, hivyo leo aweza kupata 20 na kesho 30 bila kujifunza wala kusahau chochote. Mapengo hayafanani kabisa na sarafu, kwa kuwa kosa la mwanzo huzaa kosa jingine, lakini makadirio yatosha. Anayewapanga wanafunzi wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa 27, 26 na 25 anapanga upepo.

Wastani wa darasa ni habari nyingine. Kwa wanafunzi 40, kuyumba kule kwa 3.5 hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 40, ambacho ni kama 6.3, na kubaki nusu alama hivi. Maana yake ni kwamba jaribio hili humwambia mwalimu machache juu ya mtoto mmoja mmoja, lakini humwambia mengi ya kuaminika juu ya darasa zima mbele ya kitabu fulani. Hapo ndipo kusudi la kwanza la Taylor hurejea: kinachopimwa ni kitabu. Darasa likipata wastani wa 12 kwa 50, swali la kwanza haliwi “watoto hawa wana nini?” bali “kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili ya nani?”

Je, ni Kiingereza au ni sayansi?

Ili kutenganisha maradhi mawili yaliyotajwa mwanzoni, wazo la kawaida ni kutoa kifungu hichohicho kwa Kiswahili na kulinganisha alama. Wazo ni jema, lakini lina mtego. Kile kifungu cha alizeti kwa Kiswahili chaweza kusomeka hivi:

Alizeti hupoteza maji kupitia majani yake. Siku ya joto mizizi haina budi kufyonza maji kwa kasi ileile ambayo majani huyatoa. Udongo ukiwa mkavu, mizizi haiwezi kufanya hivyo na majani hulegea. Jioni, hewa inapopoa, majani yaleyale huweza kusimama tena, ingawa mvua haijanyesha.

Baada ya sentensi ya kwanza, Kiingereza kilitumia maneno 53. Kiswahili kimetumia 35. Neno la Kiswahili ni mzigo uliofungwa pamoja. “Haijanyesha” ina ukanusho, mtenda, wakati na kitenzi, mambo ambayo Kiingereza huyatawanya katika maneno manne, “no rain has fallen”. Kila neno la saba likifutwa, mapengo ya Kiswahili huwa matano: kufyonza, huyatoa, hivyo, majani, haijanyesha. Mwanafunzi akiandika “imenyesha” katika pengo la mwisho amepata kitenzi na kukosa ukanusho, apewe nini? Kwa upande mmoja basi pengo la Kiswahili ni zito kuliko la Kiingereza. Kwa upande mwingine ngeli humwongoza msomaji: katika pengo la nne, “yaleyale” hudai jina la ngeli ya “ya-”, na nusu ya kazi imekwisha. Kwa sababu hizo mbili zinazovutana, asilimia 50 ya Kiswahili na asilimia 50 ya Kiingereza si kitu kimoja, na yeyote atoaye moja katika nyingine amekosea kama atoaye debe katika kilo.

Njia iliyo salama zaidi ni kuacha kifungu katika Kiingereza na kubadili lugha ya kutolea ushahidi. Darasa ligawanywe mafungu mawili kwa kufuata orodha ya mahudhurio, wa kwanza huku, wa pili kule, si wa mbele na wa nyuma, kwa kuwa wanafunzi hawaketi ovyo. Wote wasome kifungu kilekile cha Kiingereza kutoka sura ambayo bado haijafundishwa. Fungu la kwanza lieleze kwa Kiingereza kilichosomwa, la pili lieleze kwa Kiswahili. Fungu la Kiswahili likieleza vizuri, na la Kiingereza likababaika, basi kusoma kwao si kubaya. Kinachowashinda ni kuandika. La Kiswahili nalo likibabaika, kifungu chenyewe hakikueleweka. Kisha mwalimu asome mbele ya darasa zima tafsiri ya Kiswahili ya kifungu hicho na kuuliza tena. Wakielewa sasa, ugonjwa ulikuwa Kiingereza. Wakiwa wangali gizani, mwalimu amejua kwamba Kiingereza kilisingiziwa, na kwamba somo lenyewe ndilo lililokuwa gumu. Jambo hilo la mwisho hutokea pia, na lisifichwe: kuna sura za Fizikia ambazo hata zikielezwa kwa lugha ya mama hubaki ngumu.

Kutayarisha jaribio

Kifungu kichukuliwe kutoka kitabu kinachotumika darasani, si kutoka gazeti au kitabu cha hadithi, kwa kuwa linalotakiwa kujulikana ni kama kitabu hicho kinasomeka. Urefu wa maneno 270 hivi watosha. Sentensi ya kwanza na ya mwisho ziachwe nzima, na katikati kila neno la tano lifutwe hadi yatimie mapengo 50. Mistari ya mapengo iwe na urefu mmoja, isije ikafichua urefu wa neno. Neno likiwa ni tarakimu au jina la mtu ambalo hakuna awezaye kulikisia, liachwe na lifutwe lifuatalo. Pale ambapo mashine ya kunakili haipo, au ipo na wino umekwisha, kifungu kiandikwe kwa kalamu nene katika karatasi ya manila na kutundikwa. Wanafunzi huandika namba na neno katika daftari zao. Darasa likiwa kubwa, karatasi mbili zitundikwe, moja mbele na moja nyuma.

Kabla ya siku ya jaribio, mazoezi mafupi yafanywe kwa Kiswahili, ili ugeni wa mchezo usihesabiwe kuwa ujinga wa lugha. Wanafunzi waambiwe wasome kifungu chote kabla ya kujaza pengo la kwanza, kwani mara nyingi jibu la pengo la 6 limo katika mstari wa 20. Wapewe muda wa kutosha. Tena waambiwe waziwazi kwamba alama hizi haziingii katika ripoti ya wazazi. Mtoto anayeogopa hatakisia, na asiyekisia hapimiki.

Kwa mapengo 50, viwango vya Bormuth vinakuwa 22 na 29. Visitumiwe kama sheria. Vilitokana na watoto wa Marekani waliokuwa wakisoma lugha yao wenyewe, na kwa neno lilelile tu. Kwa mwanafunzi wa lugha ya tatu, anayesahihishwa kwa kukubali maneno yafaayo, vyafaa kuwa alama za njiani tu. Njia bora ni shule kujiwekea kipimo chake: walimu wanne au watano wa masomo mbalimbali wajaze kifungu hichohicho, kila mtu peke yake. Mapengo ambayo walimu wenyewe wameyakosa yaondolewe bila aibu. Zoezi hili huleta kicheko katika chumba cha walimu, na pengine ukimya kidogo.

Baada ya kusahihisha, makosa yapangwe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maneno madogo ya sarufi kama “the” na “of”. Hayo yasimkoseshe mwalimu wa sayansi usingizi. La pili ni majina na vitenzi vya somo. Hayo yafundishwe kwa vitu halisi, na penye alizeti na mtama uani vifaa havikosekani. La tatu ni viunganishi na marejeo. Hilo walimu wa sayansi na mwalimu wa Kiingereza walikalie pamoja, wakubaliane maneno matano kwa wiki ambayo wote watayatumia na kuyaeleza kwa Kiswahili bila kuona haya. Wanafunzi ambao alama zao ziko chini kabisa hawatainuliwa na kitabu cha Biolojia hata kikisomwa mara ngapi. Hao wanahitaji vitabu vyepesi vya hadithi, vingi, vya kusomwa kwa ajili ya utamu wake tu. Sanduku moja la vitabu thelathini vidogo, likizungushwa darasani kila Ijumaa, hufanya kazi ambayo somo la sarufi halifanyi.

Zoezi kwa wanafunzi: chagua aya moja ya Kiswahili ya maneno mia moja kutoka kitabu chochote. Tengeneza majaribio mawili, moja ukifuta kila neno la tano kuanzia neno la tano, jingine kuanzia neno la tatu. Mpe kila jaribio rafiki mmoja asiyeiona aya hiyo kabla. Linganisha alama zao, kisha uhesabu ni mapengo mangapi yalitatuliwa na ngeli peke yake.